Pale Palipokuwa na Kiwanda cha Mishumaa

Fomu ya viza inauliza: Anwani ya posta.
Mtaa. Nambari ya nyumba. Msimbo.
Vijumba vitatu vyeupe kwenye skrini,
hakuna kinachozidi kidole changu cha shahada.

Naishi Managua,
pale palipokuwa na kiwanda cha mishumaa,
vitalu viwili kuelekea ziwani,
kimoja na nusu kwenda juu,
geti la kijani, mkabala na fundi redio.
Kwetu juu si kilima. Juu ni jua linakotoka,
chini linakozama,
na ziwa ndilo kaskazini yetu, linuke lisinuke.
Hiyo ndiyo anwani. Sina nyingine ya akiba.

Kiwanda chenyewe kilianguka
usiku ule wa Desemba ardhi ilipojinyoosha mgongo,
miaka mingi kabla yangu.
Sijakiona. Sijaona hata tofali lake.
Lakini muuza barafu anakijua,
dereva wa teksi, mzaliwa wa juzi, anakijua,
na mtoto akipotea sokoni husema, kamasi zikimtiririka,
"Nipelekeni kwenye mishumaa,"
naye hufikishwa.

Nikaandika yote. Mashine ikakataa:
herufi zisizidi arobaini.
Nikaanza kupunguza, kama mtu achambuaye mchele.
Nikitoa kiwanda, nyumba inaelea.
Nikitoa ziwa, dunia inakosa upande.
Nikitoa fundi redio, don Evenor atanuna,
maana hujivunia kutajwa kwenye bahasha za watu.

Yader, mwenye kompyuta za kukodi,
akaegemea kiti changu akitafuna embe bichi kwa chumvi:
"Andika Mtaa wa Kwanza, Nambari Moja.
Wote huandika hivyo. Nani atakuja kuhesabu?"
Lakini ukurasa wa mwisho utaniapisha
kwamba kila nililojaza ni kweli tupu,
nami nimengoja miaka kumi na minne.
Sitaki kukwamia kwenye nyumba nambari moja
isiyo na mlango wala mbwa.

Tena, barua yao ya kwanza,
ile ya kutuambia tusubiri,
ilikaa miezi mitatu kwa mjane wa Zelaya,
upande usio wa ziwa.
Alikuwa akifunikia nayo kopo la maziwa.
Ina duara mpaka leo.

Mishumaa 2 ziwani 1.5 juu geti kijani.
Nikahesabu kwa vidole, nikarudia: thelathini na saba.
Don Evenor yuko nje. Atanisamehe.

Swali linalofuata:
Kadi yako itumwe wapi huko uendako?
Nikampigia dada yangu Ileana, aliye Hialeah.
Akaisema bila kuvuta pumzi:
nambari, jina la mti, nambari ya mlango,
tarakimu tano za mwisho.
Ikaingia yote. Alama ya kijani. Nafasi ikabaki.
Nikamuuliza, karibu na nini?
Akanyamaza kidogo.
"Karibu na nyingine kama hiyo," akasema.

Nyumba hiyo nayo sijaiona.

Jioni naosha sahani, mama yuko kwenye simu
akimwelekeza kijana mgeni wa kuleta gesi.
Leo hataji kiwanda.
"Unapajua alipokuwa akikaa Migdalia,
yule aliyekuwa akishona sare za shule?
Basi ni hapo hapo. Geti la kijani."

Maji yanamwagika juu ya sahani moja.
"Mama," nasema, "bado nipo."

Anaiziba simu kwa kiganja.
"Najua. Nafanya mazoezi."
Kisha anamwambia kijana, akifika, apige honi mara mbili,
kengele ni mbovu.