Safu ya Sifuri

Barua hii naichapa mara ya nne.
Ya kwanza ilikuwa na hasira ya Diwani Ndeonasia,
ameiandika kwa peni nyekundu nyuma ya kadi ya harusi.
Mkurugenzi akasema: Dodoma hawasomi hasira.
Nikaifuta. Nikaweka "tunaomba kwa heshima na taadhima".

Yah: Kuendelezewa ruzuku ya kinga, Manispaa ya Moshi.

Ya pili, Daktari Kundasai alitaka majedwali.
Akaleta daftari zenye matope ya Msaranga,
tukajaza: kipindupindu, mwaka juzi, sifuri.
Mwaka jana, sifuri.
Mwaka huu, hadi Septemba, sifuri.
Nikadhani huko juu watafurahi.
Ya tatu tulikumbushia tu, mistari mitano.
Jibu likaja na mhuri, na adabu nyingi:
kwa kuwa hakuna wagonjwa,
fungu lihamishiwe penye uhitaji.

Daktari alicheka, na hakuwa anacheka.
"Binti," akaniambia, "nitafutie picha
ya mtoto ambaye hakuugua.
Mpige akiwa hajalazwa wodini.
Mpige anavyofukuza tairi kule Njoro,
hajui kuna kitu kilikuwa nyuma yake
kikakuta maji yametiwa dawa."

Kamera hiyo haipo.

Yupo Anaeli na baiskeli ya ofisi, breki moja,
kila Jumanne, klorini kwenye kikapu.
Yupo Bi Mwantumu wa Pasua, anayejua vyoo vya mtaa
kama wengine wanavyojua ukoo wao;
posho haijaja mwezi wa tatu
na bado anabisha hodi.
Lipo jokofu la chanjo.
Umeme ukikatika usiku
mlinzi hulifunika kwa koti lake
akakaa na baridi yake mwenyewe hadi alfajiri.
Sifuri imetengenezwa na hawa.
Sifuri inatoka jasho. Sifuri inakula petroli,
inapata pancha Kiboriloni, inadai.

Nikayaandika yote. Kurasa sita.
Mkurugenzi akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Ndefu," akasema. "Kata."
Nikauliza: kata ipi, mzee? Msaranga au Pasua?
Akanitazama kitambo.
"Acha," akasema. "Acha na koti la mlinzi."

Sasa ni saa kumi na moja, ofisi zimefungwa,
mimi na printa tunabishana juu ya wino.
Safari hii haiendi kwa posta.
Diwani ataibeba mwenyewe, basi la alfajiri,
nauli ya mfukoni, ndizi za kuchoma kwenye leso.
Nimeacha nafasi ya saini tatu.
Kwenye jedwali, sifuri zilitoka hafifu,
nimezirudia kwa kalamu, moja moja,
mpaka karatasi ikataka kutoboka.

Nikamuuliza kama nirudishe na ile hasira,
japo aya moja, mwishoni.
Akafunga bahasha kwa ulimi.
"Hiyo usihangaike nayo, mwanangu.
Hiyo naijua kwa kichwa."