Usifunge Kifuniko

Saa tisa na robo usiku, Mutonyi.
Korido ya wodi ya wazazi imekauka,
taa zinajitazama sakafuni,
nawe unadhani kazi imekwisha.
Bado. Sasa ni zamu ya mashine.

Isukume hadi nyuma, penye karo la zege.
Zima. Chomoa ufunguo, utie mfukoni.
Mimi niliusahau siku moja, brashi ikazunguka,
na kidole hiki, unakiona, hakikunjiki tena.

Teremsha bomba la nyuma. Simama kando,
maji machafu hayana adabu.
Yatatoka mekundu: huo ni udongo wa Bududa na Budadiri,
umekuja na gambuti za wanaume
waliobeba machela usiku kwenye utelezi.
Yatatoka meusi, kisha povu,
na harufu ya dawa, na ya chai iliyomwagika.
Usigeuze uso. Hiyo ndiyo korido yetu,
tumeikunja tukaitia ndani ya tangi.

Suuza mara mbili. Ya tatu ni ya Wamimbi,
aliyenifundisha, akastaafu na magoti yaliyovimba
kwa miaka ya ndoo na tambara la gunia.
Siku mashine ilipoletwa kwa lori kutoka Kampala
aliizunguka kama anayekagua ng'ombe wa mahari,
akaipiga kofi ubavuni, akauliza,
"Huyu anakula nini?"
Tulicheka. Lakini lilikuwa swali.

Anakula umeme, na betri zake hunywa:
maji ya chupa, yale ya betri, si ya bomba hili.
Uziongeze baada ya kuchaji, kamwe si kabla,
la sivyo zitatapika asidi
na gauni lako litakuwa chekeche.

Ule mpira wa nyuma, ulimi unaolamba sakafu,
upanguse ukingo hadi ukingo.
Ukiona mashine inaacha mstari wa maji
usiilaumu sakafu. Mpira umechoka upande mmoja.
Ugeuze. Una kingo nne kabla ya kutupwa;
wengi wetu hatujapewa hata mbili.

Brashi itakuwa imejisuka nywele za watu.
Kata kwa wembe, polepole, kama unayenyoa mtoto.

Kisha kichujio. Humo utakuta
kifungo, maganda ya karanga, sarafu ya mia.
Mwezi wa nne nilikuta ukanda wa plastiki,
mwembamba, wa mkono usiofika unene wa kidole gumba changu.
*Mtoto wa Khainza. Kike. Kilo mbili na robo.*
Nilisimama na maji yakinitiririka kwenye viwiko.
Nikaupeleka kwa sista, akafungua daftari,
akashusha kidole ukurasa mzima,
akageuza, akashusha tena.
"Waliondoka Jumanne," akasema, "wote wawili, kwa boda."
Nikarudi kwenye karo
nikasuuza mara ya nne, bila sababu.

Sasa sikiliza, hili ndilo kubwa.
Usifunge kifuniko.
Nililifunga tangi usiku mmoja, mvua ikinyesha Wanale,
nilikuwa na haraka ya kulala.
Kesho yake liliponyanyuliwa
mgonjwa wa kitanda cha mlangoni aliuliza nani amekufa,
na Bwana Wangolo akaja na leso puani
akaandika jina langu, herufi kwa herufi.
Mashine haisemi uongo, Mutonyi.
Ulichokiacha ndani itakurudishia kikiwa kimekua.

Basi iache wazi, ipumue.
Inyanyue brashi, isilalie nywele zake.
Chomeka chaja, ngoja taa nyekundu iwake,
tia sahihi kwenye daftari, hata kama hakuna anayelisoma.
Kuna chai kwenye chupa yangu, sukari si nyingi.

Saa kumi na mbili mlango utafunguliwa
na mtu ataingia mbio, miguu yake matope matupu,
juu ya sakafu yako yote.
Usimfokee.
Mwonyeshe wodi ilipo.