Jino la Pembe

Jumatatu theluji imegeuka tope mitaani Łódź.
Tarishi analeta boksi, ndani yake mdomo wa plasta:
taya la juu, jeupe, kimya,
na kikaratasi: Jagna W., miaka kumi na minane,
meno mawili, majirani wa yale ya kati, hayakuota.
Hayakung'oka, daktari amepigia mstari. Hayakuota.

Naligeuza taya chini ya taa.
Nalijua pengo la ngumi, pengo la sukari,
pengo la mtoto aliyeanguka na baiskeli.
Hayo yana kisa, yana wa kulaumiwa.
Hili halina. Ufizi umelala laini
kama kitanda alichotandikiwa mgeni
ambaye hata barua hakuandika.
Na chonge ya kushoto, mjanja,
imeshaanza kusogelea kiti kisicho chake.

Daktari Sobolewska amemweleza njia tatu
(najua, hunipigia simu huku anatafuna).
Kwanza nyaya, miaka miwili, chonge zivutwe mbele,
zisagwe ncha, zipakwe, zifunzwe adabu.
"Mbwa mwitu aliyenyolewa," Jagna akasema, akakataa.
Pili, skrubu ya titani ndani ya mfupa.
Lakini mfupa wake bado unakua,
uso utashuka polepole, skrubu itabaki pale pale,
na jino litaonekana fupi
kama suruali ya mwaka juzi.
Subiri, wakamwambia, hadi ishirini na kitu.
Naye anasubiri tangu ana miaka saba,
tangu wenzake walipoonyeshana mapengo darasani
wakijua yatazibwa.

Ya tatu ni mimi:
jino la kauri lenye bawa moja dogo
linalogandishwa mgongoni mwa jirani.
Halichimbi. Linaazima bega tu.
Likibanduka, na siku moja litabanduka,
pengine kwenye tufaha, pengine katikati ya busu,
tutaligandisha tena.

Jino la pembe si dawa ya pengo.
Miaka thelathini na moja nakula mkate
kwa kubishana na methali hiyo,
na kuna usiku inanishinda.

Kwenye rafu ya juu, nyuma ya makopo,
natafuta taya jingine: Urszula W., mama yake.
Nayaweka pamoja mezani.
Pengo lile lile, limerithiwa kama jina la ukoo.
Mama nilimtengenezea meno ya kuvaa na kuvua,
meupe mno, alivyotaka mwenyewe.
Akayavua gizani miaka yote ya ndoa,
na mumewe, aliniambia siku ya mazishi,
hakuwahi kuona.

Jagna alikuja mwenyewe kuchagua rangi.
Akaketi dirishani, mkono mdomoni.
Nikamwomba ahesabu, kuanzia sitini,
maana kwa lugha yetu sitini na sita
haina huruma kwa mwenye pengo.
Ikatoka na filimbi ndogo.
"Itapotea?"
"Itapotea."
Akanyamaza, akatazama tramu ikipita.
"Mdogo wangu hunijua kwayo gizani."

Sikuwa na jibu. Nikashika vibao vya rangi,
nikampelekea kimoja kimoja karibu na midomo:
hiki cha maziwa, hiki cha chai, hiki cha mfupa.
Akachagua cha chai.
Kisha akaonyesha, kwa ukucha uliotafunwa,
ule uwazi mwembamba katikati ya meno mawili ya mbele,
ambao mchoro wa daktari umeufunga.
"Huu si pengo," akasema. "Huu ni mwanya. Uacheni."

Nimempigia daktari. Amefoka, amecheka, amekubali.

Sasa ni saa tano usiku, tanuri linapanda moto.
Nalichovya brashi kwenye unga na maji,
najenga kitu kidogo kuliko punje ya mahindi,
na bila kukusudia, polepole, peke yangu,
nahesabu kwa sauti: sitini na tano, sitini na sita,
nikijaribu kupiga ile filimbi.