Bawaba

Mwaka jana ushuru uliishia kwenye bamba.
Tulikata, tukakunja, tukatoboa,
tukasema: hiki si chuma tena, ni bawaba.

Leo fomu ya forodha inauliza
bawaba moja imebeba gramu ngapi za chuma,
na chuma hicho kiliyeyushwa wapi.

Kupe gani huyu,
ng'ombe keshakuwa kiatu
naye bado kang'ang'ania?

Lidia Ferrante, miaka thelathini na mmoja kwenye mashine,
anaweka moja juu ya mizani ya barua:
themanini na nne, pamoja na grisi.
"Na mkono wangu," ananiuliza, "utauandika gramu ngapi?"

Kalamu yangu imeganda.

Hamilton, theluji imefika kizingitini.
Lori la Buffalo halijawashwa.
Mlango wa ghala unalia
kwa bawaba zetu wenyewe.