Ukurasa wa Sabini na Moja

Mimi ndiye niliyeshika kalamu dukani kwake
miaka ishirini na mitatu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
kwa hiyo msiniulize aliiba au hakuiba.
Niulizeni tarehe.

Masika ya mwaka ule mtaro ulikataa maji.
Yakaingia dukani usiku bila hodi;
asubuhi mifuko arobaini ya saruji imelala kimya,
kila mmoja jiwe.
Hizza Semkiwa akaupiga mmoja teke, akachechemea hadi manispaa.
Akaambiwa: lete barua.
Akapeleka barua. Akaambiwa: ipitie kwa diwani.
Diwani yuko Dar kwa mwanawe, mwezi wa tatu huo.
Akarudi, akakalia saruji yake iliyokufa, akasema,
"Basi diwani nitakuwa mimi."
Tukacheka. Mwenyewe hakucheka.

Mwezi wa kampeni naukumbuka kwa hesabu:
kanga dazeni sita,
mchele wa pilau magunia mawili,
baiskeli ya mpiga mbiu, na mpira wake wa mbele,
na safu nzima niliyoambiwa niiite "mengineyo".

Jina lilibadilika kabla ya mtu.
Aliyezoea kuja na pesa ya bawaba
sasa anakuja na mgonjwa, na ada, na ugomvi wa mpaka,
anakaa juu ya yale mawe, anamsubiri Mheshimiwa.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wageni walikuja. Mwenyeji akauza pikapu.

Mitaro alijenga, msimnyime haki yake.
Alipopewa kamati, Makorora walichimbiwa, Msambweni wakachimbiwa,
karavati likawekwa hata pale pasipopita maji.
Ila ikifika zamu ya Barabara ya Kumi na Mbili
alisimama, akatamka maslahi yake, akatoka,
akangoja koridoni kama mtoto aliyerudishwa ada.
Ndani wakaahirisha.
"Watasema nimejichimbia," aliniambia.
Walisema. Bila hata ya mtaro, walisema.

Na lile deni la Halmashauri,
mifuko mia mbili na sita waliyoichukua yeye bado hajui siasa,
lipo, ukurasa wa sabini na moja.
Akiwa diwani aliona haya kulidai.
Akiwa naibu meya aliogopa.
Mimi nililihamisha kila Desemba, daftari hadi daftari,
kama mtu anayehama nyumba na kuku wake kwapani.

Kura za maoni za safari ya nne
aliangushwa kwa kumi na moja.
Mbaruku, fundi baiskeli, mtoto wa jirani,
alikuja na hoja moja tu: mtaro.
Picha ya kampeni aliipigia mlangoni kwetu,
mguu mmoja juu ya mawe yetu.

Jana Mbaruku amekuja, koti jipya, jasho la zamani.
Anataka saruji, mifuko themanini, ya mtaro wetu,
fedha haijashuka, Halmashauri italipa.
Hizza alikuwa anapima misumari, nusu kilo, ya mama mmoja wa Duga.
Hakuinua macho mpaka mizani ilipotulia.
"Mpe," akasema.
Nikauliza, nifungue ukurasa mpya?
"Mpya wa nini? Mtu ni yule yule.
Endeleza pale pale."