Kabla

Jumanne, saa nne asubuhi, Wichita. Baridi imeuma vioo.
Simu iko mezani, sauti nimeifungulia,
muziki wa kusubiri unazunguka kama nzi ndani ya chupa.
Dakika ishirini na tatu.
Mama anachambua maharage. Kila punje mbovu
anaitupa kwenye kifuniko cha sufuria: ta.

Kisha Bwana Kessler, mpole, ana mafua.
Jina?
Faida.
Akaomba nitaje herufi moja moja. Nikazitaja
huku nikicheka moyoni: mtu wa bima
anaandika Faida juu ya fomu
ambayo hapo chini itaniita hasara.

Bima yangu ya zamani ilikufa tarehe thelathini na moja, usiku wa manane,
siku moja na kazi yangu ya kukunja mashuka ya hoteli.
Sikupewa hata nafasi ya kukaa matanga.

Una ugonjwa wowote uliokuwepo kabla?
Selimundu, nikajibu, kwa Kiingereza chake;
kwao pia ni mundu, lugha zote mbili zimeona chuma kilekile.
Ilianza lini?

Hapo nikakwama.
Fomu ina kisanduku cha siku, cha mwezi, cha mwaka.
Niandike nini? Kabla ya meno.
Kabla ya hema la Nyarugusu, kabla ya Uvira kuungua.
Nusu ilitoka kwa baba, aliyeibeba maisha yake yote
asiumwe hata goti;
nusu ilitoka kwa huyu anayechambua maharage.

"Wanasemaje?" Mama akauliza.

Mimi ni mkalimani wa nyumba hii tangu nina miaka tisa.
Nimetafsiri bili za umeme, walimu, hakimu wa faini za barabarani,
sijawahi kuangusha neno.
Hili nililishika likaniunguza.
Kulitamka kwa Kiswahili, *uliokuwepo kabla*,
ni kumnyooshea kidole aliyekuwepo kabla.
"Wanauliza nina miaka mingapi," nikasema.
"Mara ya tatu hiyo."
Ta.

Kessler akapenga kamasi. Mpango huu wa muda mfupi
utanipokea mimi, lakini si damu yangu.
Mguu ukivunjika, watalipa. Kidole tumbo, watalipa.
Yale maumivu yanayonikunja kila Januari,
pembe kwa pembe, kama shuka: hapana.
Liko soko la serikali, akasema, huko hawaulizi kabla,
ila wanauliza mapato, na mapato yako ni madogo mno kusaidiwa.
Madogo mno?
Madogo mno.
Nikamsikia naye akinyamaza,
kama mtu aliyesoma sentensi yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

Nyuma ya maegesho, ngano imelala chini ya theluji.
Waliipanda Septemba, makusudi, ili baridi iikute ardhini,
na hapa hakuna anayeilaumu kwa kuwahi.
Ngano: kwetu neno moja kwa mkate na kwa hadithi.
Yangu haikuingia kwenye kisanduku.

Nilipokata simu, Mama hakuuliza kitu.
Alijaza maji ya moto kwenye chupa ya juisi,
akaivisha soksi ya baba,
akanipachikia kiunoni, pale panapoanzaga.
Kisha akarudi kwenye maharage yake.
"Siku nyingine wakitaka kujua nani alikuwepo kabla,"
akasema, macho kwenye ungo,
"wape jina langu. Mauwa. Herufi tano tu, hawatachoka."

Sikujibu. Kiingereza chake, kumbe,
kilikuwa kinakua muda wote huu bila mkalimani.

Dirishani mvuke ulikuwa umefuta nusu ya barabara.
Nikatafuta namba iliyofuata kwenye karatasi.
Muziki ulikuwa uleule.