Kijiji Nilichokihamisha

Tartu, mwaka wa sabini na tisa. Kazi yangu ya kwanza
ilikuwa kudanganya: kwa amri, kwa penseli ngumu,
nilikisogeza kijiji cha Haavasoo
kilomita mbili mashariki,
adui apotee.

Dola ikaanguka. Zikaja setilaiti, kompyuta,
uprofesa, makala arobaini
juu ya namna ya kupima kosa.

Jana, wakiniaga kwa keki na kahawa,
mwanafunzi wangu Triinu akafungua ramani yake mpya.
"Imepotoka mita tatu tu," akasema, akijisikia.
Macho yangu yakakimbilia Haavasoo.
Kilikuwa palepale; hakikuwahi kuhama.

Bibi mmoja wa huko aliwahi kuniandikia:
"Usiku ule daktari hakufika.
Alifuata ramani."

Barua ninayo, droo ya chini,
pamoja na penseli.